Gia Ngumu Kwenye Canter ya Zamani: Pima Kwanza, Giaboksi Ishuke Mwisho

Gia zikianza kuwa ngumu kwenye lori la zamani, mara nyingi giaboksi ndiyo inayohukumiwa na klachi ndiyo yenye kosa. Nalisema hili kwa uchungu. Nimeona wenye malori wakienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar es Salaam, kununua giaboksi ya mtumba, wakalipa ya kushusha na kupandisha, gari likatoka gereji na gia zikawa ngumu vilevile. Hela ya mkopo imekwenda, lori limelala siku kadhaa bila kubeba hata tripu moja, na kilichokuwa kinatakiwa ni raba ndogo za ndani ya klachi masta, zile silinda za mafuta zinazosukuma klachi, moja juu kwenye pedali na moja chini kwenye giaboksi.

Ninapoandika haya nafikiria zaidi Mitsubishi Fuso Canter zenye injini ya 4D32 au 4D33, maana ndizo zinazobeba mchanga, tofali na mizigo ya Kariakoo mji mzima. Toyota Dyna na Isuzu za umri huo zinafuata njia hiyohiyo, ilimradi klachi yake inasukumwa na mafuta.

Kwanza elewa kinachotokea unapobadilisha gia. Ukikanyaga klachi, injini inatakiwa iachane kabisa na giaboksi. Mkono wako unasukuma leva, leva inavuta waya au fimbo, na fimbo inasukuma folku, yaani uma wa chuma unaosogeza gia, ndani ya giaboksi. Hapo pete za shaba za sinkronaiza zinaishika gia kwa msuguano mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane, ndipo meno yanaingia. Kwa hiyo ugumu unaweza kutoka sehemu tatu: klachi isiyokata, njia ya mkono isiyofika, au giaboksi yenyewe pamoja na oili yake. Kazi yetu ni kujua ni ipi kabla ya kufungua bolti yoyote kubwa.

Vya kuandaa

Lori lisimame sakafu ya usawa, handibreki juu, na matairi ya nyuma uyazuie kwa mbao au mawe mbele na nyuma. Ukiinua kabini, hakikisha chuma cha kuishikilia kimekaa na pini yake imeingia, kisha itikise kwa mkono kabla hujaingiza kichwa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Unahitaji spana, rula, tochi, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa tupu, mafuta ya breki ya DOT 3 yaliyofungwa kiwandani, na mtu wa kukanyaga pedali. Huyo mtu ni muhimu kama spana.

Hatua ya 1: Muulize dereva

Dereva ameshajua mengi, hata kama hajayapanga. Dereva mmoja wa lori la mchanga kutoka Mkuranga aliniambia, "Fundi, giaboksi imekwisha hii." Nikamuuliza, "Asubuhi ikoje, kaka?" Akasema asubuhi inaingia vizuri, ila akikaa kwenye foleni ya Mbagala mpaka saa nne, gia ya kwanza inagoma kabisa. Nikamuuliza tena, "Ukipampu pedali mara mbili tatu?" Akacheka: "Hapo inaingia."

Hayo majibu mawili yalitosha kuniondoa kwenye giaboksi. Pete za sinkronaiza zilizokwisha hazijui kama umepampu pedali au hujapampu. Gia ikiingia baada ya kupampu, tatizo lipo kwenye mafuta ya klachi: kuna upepo, au raba zinapitisha.

Muulize pia: ni gia zote au moja? Likiwa limesimama au linatembea? Ilianza taratibu au ghafla? Ilianza baada ya kazi gani? Hili la mwisho usiliache. Ikiwa ugumu ulianza baada ya klachi mpya kufungwa, basi anzia kwa kazi ya aliyefunga klachi. Ikiwa ulianza baada ya gari kupita kwenye maji ya Jangwani kipindi cha masika, nenda moja kwa moja kwenye oili.

Hatua ya 2: Jaribu injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwaka

Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, na hakigharimu chochote.

Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote, moja mpaka tano na rivasi. Gia ikigoma mara moja, usiihukumu haraka. Injini ikiwa imezimwa, meno yanaweza kukutana ncha kwa ncha. Achia klachi, lisogeze gari kidogo, jaribu tena.

Sasa washa injini, iache itulie na ipate moto. Hakikisha haizunguki juu kuliko kawaida, kwa sababu injini inayokimbia gari likiwa limesimama inafanya hata klachi nzima ionekane mbovu. Mbele pawe wazi, asisimame mtu. Jaribu gia zilezile.

Zikiwa laini injini imezimwa na ngumu injini ikiwaka, klachi haikati. Nenda hatua ya 3. Zikiwa ngumu hali zote mbili, ruka mpaka hatua ya 5. Zikiwa laini gari likisimama, ila gia moja tu inalia ukiwa barabarani, hasa unaposhuka kutoka tatu kwenda mbili, hapo sinkronaiza ya gia hiyo inaanza kushukiwa kwa haki.

Kuna kipimo cha kuthibitisha. Injini ikiwaka, gia ikiwa fri, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu taratibu mpaka kumi, halafu ingiza rivasi. Malori mengi ya zamani rivasi yake haina sinkronaiza, kwa hiyo inasema ukweli. Ndani ya muda huo shafti ya giaboksi inatakiwa iwe imesimama. Rivasi ikiingia kimya, klachi inakata. Ikilia "krrr" hata baada ya kusubiri, kuna kitu bado kinaizungusha ile shafti. Ikilia ukiingiza papo hapo lakini ikanyamaza ukisubiri, hiyo ni kasi iliyobaki ndani, siyo ugonjwa.

Hatua ya 3: Fuata klachi kutoka mguuni mpaka chini

Anzia sakafuni mwa kabini. Mara nyingine zulia lililokunjamana, au chupa ya maji iliyobingirika chini ya pedali, inazuia pedali isifike mwisho. Ondoa vyote. Kisha ishike pedali kwa mkono na uitikise kushoto na kulia. Bushi zake zikiwa zimekwisha, au ile pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta ikiwa imelika, sehemu ya mkanyago wako inaishia kwenye ulegevu na haifiki kwenye mafuta. Tundu la pini lililotanuka kidogo tu ni hasara kubwa kule chini.

Angalia pia pedali inashuka kiasi gani kabla hujahisi uzito. Ulegevu ukiwa mkubwa, klachi haifunguki yote. Lakini usiumalize kabisa. Fimbo ikikaza muda wote, kile kitundu cha kurudishia mafuta ndani ya masta kinabaki kimezibwa, presha inabaki kwenye paipu, na klachi inakuwa kama imekanyagwa nusu mpaka iungue. Acha ulegevu mdogo unaohisika kwa kidole, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Sasa kopo la mafuta. Mafuta mapya ya DOT 3 ni meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi, yamebeba unga wa raba na kutu. Mafuta haya yanavuta unyevu hewani, na hapa kwetu hewa ni nzito mwaka mzima. Yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanywa maji, kiwango cha chini cha kuchemka kinashuka mpaka 140. Unyevu huo pia unakwangua silinda kwa kutu, na kutu inakata raba. Nawaomba madereva jambo moja: msijazie oili ya injini wala haidroliki kwenye kopo hilo, hata kama mmekwama njiani. Oili ya madini kama hizo inavimbisha raba zote, za juu na za chini, na kazi ya kujazia inageuka kazi ya kubadilisha kila kitu.

Kisha tafuta uvujaji. Klachi masta ya juu huvujia ndani ya kabini, kwa hiyo pitisha kidole nyuma yake, pale fimbo inapoingilia, na uangalie kama rangi ya ukuta imebabuka. Ya chini, iliyokaa ubavuni mwa giaboksi, ina mfuko wa raba wa kuzuia vumbi. Ufunue. Pakiwa na majimaji, raba za ndani zimeshaachia.

Kisichovuja nje ndicho kinachosumbua mafundi wengi. Klachi masta ya juu inaweza kupitisha mafuta ndani kwa ndani, na hutaona tone. Kipime hivi: injini ikiwaka, breki umeikanyaga, kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza, kisha shikilia pedali bila kuisogeza. Kama baada ya muda mfupi gari linaanza kutaka kuvuta na wewe hujaachia chochote, mafuta yanarudi nyuma ya raba. Masta hiyo imekwisha.

Halafu kuna mpira. Ule wa kuunganisha paipu ya chuma na masta ya chini ukizeeka, unavimba kila unapokanyaga, na nguvu iliyotakiwa kusukuma folku ya klachi inaishia kuutanua. Mwambie msaidizi akanyage huku umeushika mpira. Ukihisi unajaa mkononi, badilisha. Lile lori la Mkuranga lilikuwa na mpira huo na raba za masta ya chini zilizokwisha, vyote viwili, na giaboksi ilikuwa nzima.

Mwisho wa hatua hii, chukua rula. Pima fimbo ya masta ya chini inatoka umbali gani pedali ikikanyagwa mpaka mwisho, na ulinganishe na kipimo cha kitabu. Huna kitabu? Tafuta Canter ya aina hiyohiyo inayoingia gia vizuri, upime ya kwake. Fimbo ikitembea pungufu, tatizo liko juu yake: pedali, masta, mpira, upepo. Ikitembea kamili na bado klachi haikati, tatizo liko ndani ya kengele ya klachi, ile nyumba ya chuma inayoifunika, na sasa una sababu ya kweli ya kushusha.

Hatua ya 4: Badilisha raba, toa upepo

Ukifungua masta na kukuta ukuta wa silinda una vishimo vya kutu, usinunue raba peke yake. Nunua masta nzima. Raba mpya kwenye silinda iliyochubuka inakatika haraka, na mteja atarudi na hasira za haki. Silinda ikiwa laini, isafishe kwa mafuta ya breki. Usitumie petroli wala dizeli.

Kutoa upepo: jaza kopo. Vika ule mpira unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea upepo ya masta ya chini, na mdomo wake wa pili uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu mara kadhaa na ashikilie chini. Legeza skrubu, mafuta na mapovu yatoke, funga, ndipo aachie pedali. Akiachia kabla hujafunga, mmevuta upepo mpya ndani. Semeni kwa sauti: "Shikilia!" "Nimeshika!" "Achia!" Rudieni mpaka mafuta yatoke bila povu, na kopo lisikauke katikati. Upepo ukikataa kuisha, sukuma fimbo ya masta ya chini irudi ndani taratibu, mapovu yaliyojificha yatapanda kwenye kopo.

Hatua ya 5: Njia ya mkono

Hapa ugumu upo hata injini ikizimwa. Usikisie. Chomoa waya au fimbo za gia pale zinapoungana na giaboksi, kisha badilisha gia kwa kusukuma leva ndogo ya giaboksi yenyewe. Ikiwa laini, giaboksi imeachiwa huru na kesi imehamia kwenye waya na bushi. Ikiwa ngumu hapo hapo, nenda kwenye oili.

Waya za gia zinaharibika kwa kutu ya ndani pale ganda la nje linapopasuka. Malori yanayobeba samaki kutoka soko la Feri yanapata shida hii mapema, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika chini siku nzima. Waya ulioshika kutu, mimi nabadilisha. Kuumiminia oili kunasaidia siku chache tu. Kwenye zile zenye fimbo, kagua kila bushi na kila kiungo, hasa pale kabini inapokunjikia, na uangalie kama kuna fimbo iliyopinda. Angalia na mauntini, zile raba zinazobeba injini na giaboksi. Zikishuka, giaboksi inakaa chini kuliko waya zilivyopangwa, na gia mbili za upande mmoja ndizo zinaanza kugoma.

Malori makubwa yanayobadilisha gia za juu na chini kwa upepo, kama Scania za zamani, yana jambo la ziada: presha ya upepo ifike kiwango chake kwanza, na sikiliza kama kuna paipu inayovujisha unapogeuza swichi.

Hatua ya 6: Oili ya giaboksi

Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta ya kujazia imeganda, gari haliondoki. Oili iwe ya moto kiasi, imwage kwenye beseni safi, kisha usome kilichotoka.

Sumaku ya nati ikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni kazi ya miaka. Chembe za manjano zinazong'aa ni pete za sinkronaiza au shaba nyingine ya ndani. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi, na hapo usirudishe gari barabarani. Oili iliyogeuka nyeupe ina maji. Tafuta kile kitundu cha kupumulia juu ya giaboksi, maana maji ya mafuriko hupenya hapo.

Oili ya kurudisha ni ile anayotaka mtengenezaji. Giaboksi nyingi za umri huu zinataka oili ya daraja la GL-4, yenye uzito kama 80W-90. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, gia za ekseli ya nyuma: ni telezi mno kwa pete za sinkronaiza zinazohitaji msuguano, na dawa zake nyingine hushambulia shaba. Zipo pia giaboksi, zikiwemo baadhi za Isuzu, zinazotaka oili ya injini. Ukizijazia nzito, gia zinakuwa ngumu na wewe ndiye uliyezifanya hivyo. Na ukinunua giaboksi au gari la mtumba, mwaga oili uliyoikuta. Kuna wauzaji wanaojaza oili nzito ya 140 ili kuzima kelele za beringi. Nunua kopo lililofungwa, achana na ya kupimiwa kutoka pipani. Jaza mpaka ifike mdomo wa chini wa tundu la kujazia.

Hatua ya 7: Sasa shusha

Umefika hapa kwa ushahidi, kwa hiyo unajua unachokitafuta. Kama klachi haikati na fimbo inatembea kamili, kagua diski imepinda au imelowa oili kutoka sili ya nyuma ya injini, na kama inateleza kwenye meno ya shafti bila kukwama kwa kutu. Kagua kama ilifungwa upande sahihi. Diski iliyogeuzwa inafanya haya yote ikiwa mpya kabisa. Angalia vidole vya presha pleti, sahani inayobana diski, viko sawa, na folku ya klachi na kitako chake havijalika.

Kisha weka kidole kwenye beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ikikwama, inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imekata vizuri. Ni spea ya bei ndogo inayodai kazi kubwa kuifikia, kwa hiyo giaboksi ikiwa chini ibadilishe hata kama inaonekana nzima, pamoja na beringi ya kuachilia klachi.

Kama ni sinkronaiza, pete ikandamizwe kwenye koni yake na nafasi iliyobaki ipimwe kwa fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi. Pete isiyoshika, au inayogusa gia moja kwa moja, imekwisha. Kagua pia meno ya gia yenyewe, kwani yakishakuwa butu pete mpya haitakaa.

Majaribio ya barabarani

Jaribu bila mzigo kwanza, kisha na mzigo. Panda mwinuko wa Kimara au wa Pugu, ushuke gia kutoka nne mpaka mbili bila kulazimisha. Kaa kwenye foleni mpaka kila kitu kipate moto, kisha rudia kipimo cha rivasi. Mkabidhi dereva na umweleze asiegemeze mkono kwenye leva wala mguu kwenye pedali, maana vyote viwili vinakula folku na beringi polepole. Weka alama ya kalamu kwenye kopo la klachi, na mwambie aiangalie kila asubuhi kwa wiki ya kwanza: mafuta yakishuka chini ya alama, arudi gereji siku hiyohiyo, kabla hajapakia.